Ziwa Natron kwa ziara ya kundi: kifurushi kipi kinastahili hela yako

Kila sikukuu ndefu inapokaribia, matangazo ya Ziwa Natron hujaa: heroe (flamingo) wamesimama majini kwa maelfu, mlima Ol Doinyo Lengai nyuma yao, na bei ya mtu mmoja ndani ya kundi. Vifurushi vinavyouzwa Arusha ni vya aina tatu. Kuna cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kuna cha siku 2 na usiku 1, na kuna cha siku 3 na usiku 2. Bei zinatofautiana, magari yanatofautiana, wapishi wanatofautiana, lakini kinachoamua kama umepata thamani ya pesa yako ni kitu kimoja tu: je, ratiba inakufikisha ukingoni mwa ziwa kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, ukiwa umelala vya kutosha?

Natron ni ziwa la asubuhi. Liko chini, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, limezingirwa na ukuta wa Bonde la Ufa upande wa magharibi, na mchana joto linaweza kupita nyuzi 40. Ikifika saa 5, hewa juu ya tambarare nyeupe inaanza kucheza, mazigazi yanatanda, na ndege walioonekana vizuri kwa macho saa moja iliyotangulia wanageuka mstari wa rangi ya waridi unaotetemeka. Hapo darubini haisaidii, maana inakuza mtetemo uleule. Alasiri upepo huamka na kuinua vumbi la magadi, nalo linawasha macho kweli. Kwa hiyo ratiba inayoandika "kutembelea ziwa, saa 9 alasiri" inakuuzia saa mbaya kuliko zote.

Kifurushi cha siku moja tunashauri kisinunuliwe kabisa, hata kikiwa nusu ya bei. Kutoka Arusha hadi kijiji cha Engare Sero ni mwendo wa saa 5 hadi 6. Kundi likiondoka saa 11 alfajiri bila kumsubiri mtu, litafika karibu saa 5, na ili lirudi Arusha kabla usiku haujawa mzito lazima liondoke saa 8 au saa 9. Unapewa saa tatu au nne za jua kali, ndani yake mna chakula cha mchana, mazungumzo na mwongozaji wa kijiji na kutembea tambarareni. Watoto na wazee hubaki garini.

Kile cha usiku 1 ndicho kinachouzwa zaidi, na kinaweza kuwa kizuri au kibovu kutegemea mambo mawili tu yamepangwaje. Ratiba nyingi huweka ziwa alasiri ya siku ya kwanza na maporomoko ya Engare Sero asubuhi ya siku ya pili. Geuza. Siku ya kwanza mkifika mmechoka na mmejaa vumbi, nendeni kwenye maporomoko, mkaoge maji baridi kwenye kivuli cha korongo. Asubuhi inayofuata muwe ziwani jua linapochomoza. Mpango huu hauongezi gharama yoyote, na kampuni yenye dereva anayeijua njia itakubali bila ubishi. Ikikataa, uliza kwa nini. Mara nyingi sababu ni kwamba gari limeshaahidiwa kwa kundi jingine na linatakiwa Arusha mapema.

Cha usiku 2 ndicho tunachokipendekeza, hasa kwa familia na vikundi vya kazini. Unapata asubuhi mbili, na hiyo ina maana kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu heroe hawakai pahali pamoja. Maji yakisogea, nao husogea. Asubuhi ya kwanza wanaweza kuwa mbali ya kuhitaji darubini, ya pili wakawa karibu na chemchemi za ukingoni ambako mtu anawasikia wakinong'ona kwa pamoja.

Sasa njia yenyewe. Lami ya Arusha, Makuyuni hadi Mto wa Mbu haina shida. Kutoka Mto wa Mbu mnakata kaskazini kupitia Selela na Engaruka, na lami ikishaisha mnaingia kwenye changarawe, mchanga mzito na majivu ya volkano, mkivuka makorongo ambayo kiangazi ni makavu na masika yanaweza kujaa kwa nusu saa. Gari la kundi liwe Land Cruiser au mfano wake, lenye matairi mawili ya akiba, wala si moja. Mawe ya pale ni makali, na tairi la kwanza likipasuka karibu na Engaruka hakuna mtu atakayetaka kuendelea bila la pili. Kosta na Noah ziishie Mto wa Mbu. Kampuni ikikuambia Noah inafika, ni kweli kwamba kuna siku inafika. Kinachovunjika ni shokapu, na anayelala njiani ni wewe. Ukiwa na kundi la watu 20, magari matatu yanayoongozana ni bora kuliko basi dogo moja, kwa kuwa moja likikwama lipo la kulivuta.

Mnapokaribia, malipo yanaanza, na hapa ndipo vikundi vingi hugombana na waandaaji. Barabara inapita kwenye maeneo ya halmashauri zaidi ya moja, na kuna vizuizi vya ushuru zaidi ya kimoja, mbali na ada ya eneo la wanyamapori na malipo ya kijiji kwa ajili ya mwongozaji. Mtanzania, mkazi na mgeni hutozwa tofauti. Kila raia awe na kitambulisho cha taifa mkononi, maana bila hicho anayekagua hana sababu ya kukutoza bei ya raia. Ndugu wa ughaibuni wenye pasipoti za nje wahesabiwe kama wageni tangu siku ya kupanga bajeti, si getini. Ada za serikali hulipwa kwa kontroli namba, na mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwandaaji mzuri huwa ameshalipa kinachowezekana kabla ya kuondoka na ana risiti zilizochapishwa. Kabla ya kutoa amana, mwombe aandike kwa majina: kifurushi kimelipia vizuizi vipi, mwongozaji wa ziwani, mwongozaji wa maporomoko, na ada ya kambi. Neno "ada zote" peke yake halitoshi. Fedha taslimu toeni Mto wa Mbu. Mbele ya hapo hakuna benki.

Ziwani, hatua ya kwanza ni kuliacha gari pahali pakavu penye udongo na majani, kisha kutembea. Umbali unategemea maji yalivyo: mwaka wa mvua ni matembezi mafupi, kiangazi kirefu yanaweza kufika dakika 40 kwenye tambarare isiyo na mti hata mmoja. Dereva akishawishiwa na kundi asogeze gari karibu zaidi, mkatazeni. Ganda jeupe la magadi linaonekana gumu kama saruji, lakini chini yake mna tope jeusi. Gari likipasua ganda hilo huzama hadi ekseli, na kulitoa huchukua asubuhi yenu yote.

Ganda hilo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mahali palipokauka limepasuka vipande vipande vyenye kingo zilizojikunja juu, na ukikanyaga unasikia mlio mkavu wa kuvunjika. Mahali penye unyevu halilii. Linabonyea, na rangi yake inageuka kijivu cheusi. Ukisikia mlio umekoma, simama, rudi kwenye nyayo za mwongozaji. Magadi haya ni yaleyale yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi, ila hapa yametanda kilomita kwa kilomita. Ziwa halina mto wa kutokea. Maji huingia kwa Ewaso Ng'iro wa Kusini unaotoka Kenya, kwa mvua na kwa chemchemi za moto zilizolizunguka, kisha jua huyachukua na kuyaacha madini. Kina hakifiki mita 3. Kiwango cha ualkali ni cha pH zaidi ya 10, wakati maji ya bahari ni kama 8. Wekundu unaoonekana kwenye picha za kutoka angani hutokana na viumbe wadogo wenye rangi wanaostawi maji yakizidi kuwa mazito, na kwa kawaida huonekana zaidi kiangazi. Ukiwa chini, umesimama ukingoni, wekundu huo huuoni hivyo. Anayekuahidi "ziwa jekundu" amekuonyesha picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege au droni. Droni zenyewe haziruhusiwi bila kibali, na mlio wake huwatimua heroe.

Maji haya si ya kuogelea. Yakigusa ngozi yenye mkwaruzo yanachoma, yakiingia jichoni ni dharura: mwagia jicho maji safi ya kunywa mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, usilisugue, kisha litazamwe na daktari. Ndiyo maana kila kundi linapotoka garini libebe maji safi ya akiba, mbali na yale ya kunywa. Vaa raba za zamani zinazofunika mguu, na soksi. Kandambili hazifai, kwa sababu tope la magadi hujibana kati ya vidole na kamba na kuchubua ngozi ndani ya saa moja. Viatu vya ngozi viacheni kambini. Magadi huikausha ngozi ikapasuka. Mkirudi, osheni viatu kwa maji matamu siku hiyohiyo kabla magadi hayajakauka. Simu na kamera zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana vumbi likikaa kwenye tundu la chaji huleta kutu.

Kuhusu hadithi kwamba ziwa hugeuza wanyama kuwa mawe: si kweli. Picha zilizosambaa duniani mwaka 2013 zilikuwa za ndege na popo waliookotwa ukingoni wakiwa wameshakufa, wamekaushwa na kuhifadhiwa na madini, kisha mpigapicha akawaweka juu ya matawi na mawe kana kwamba wako hai. Waliokuja na watoto waliolisikia hilo wawaonyeshe chemchemi za ukingoni, ambako kuna samaki wadogo wa jamii ya perege wanaoishi kwenye maji ya moto yenye magadi, samaki wasiopatikana kokote duniani isipokuwa katika bonde hili la Ziwa Natron na jirani yake, Ziwa Magadi la Kenya.

Na sasa heroe wenyewe, kwa kuwa ndio waliowaleta. Wapo wa aina mbili. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu wa giza, karibu mweusi, na mwili wa waridi iliyokolea. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi, mweupe zaidi, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Wengi mtakaowaona ni wadogo. Mtazame mmoja kwa darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8) badala ya kulitazama kundi zima: kichwa kimepinduliwa juu chini, mdomo unasukuma na kuvuta maji kwa haraka, na chujio la ndani linabakiza mwani wa spirulina. Mwani huo ndio unaompa rangi. Mwongozaji anayejua kazi yake atawasimamisha mbali wanapoanza kunyanyua shingo wote kwa pamoja. Hiyo ni dalili ya hofu. Hatua chache zaidi na wote wanaruka, mnabaki na picha ya migongo.

Jambo ambalo matangazo hayasemi: viota hamtaviona. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron, na hakuna pengine Afrika Mashariki wanapozaliana kwa kawaida. Lakini wanafanya hivyo mbali ndani ya ziwa, kwenye vichuguu vidogo vya tope, kila kimoja na yai moja linaloatamiwa kama siku 28. Wanachagua hapo kwa sababu fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope linalochoma. Maji yakipanda kupita kiasi viota huzama, yakishuka mno maadui hupata njia, na mara nyingi msimu huharibika. Ukiahidiwa "kutembelea viota vya heroe" kwenye ratiba, ama mwandaaji hajui, ama anataka kuwapeleka mahali ambapo hata watafiti huenda kwa nadra. Kelele ya injini au ya eropleni inayoruka chini ikiwatimua kwenye mayai, hasara ni ya mwaka mzima. Ziwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu mwaka 2001, na ni haki liheshimiwe hivyo na anayelipa kuliona.

Kambi za Engare Sero zinatosha. Zipo zenye bwawa la kuogelea, zipo zenye kivuli cha miti na choo tu, na kwa kundi la marafiki aina ya pili haina ubaya. Ulizeni mambo matatu: hema zimefungwaje, neti zipo, na maji ya kuoga ni ya uhakika? Jioni upepo hushuka kwa kishindo kutoka ukutani mwa Bonde la Ufa, na hema lililopigiliwa kwa vigingi vifupi kwenye mchanga halisimami; mpishi naye asiweke jiko upande wa upepo. Usiku ni wa joto hadi karibu na alfajiri, kwa hiyo khanga au kikoi kilicholoweshwa na kukamuliwa kitawafaa kuliko blanketi. Mbu wapo, na huo ni ukanda wa malaria.

Maji ya kunywa yapigiwe hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku. Gari la watu 7 kwa siku 2 ni lita 70, yaani katoni 4 za chupa 12 za lita 1.5, na hapo hamjapika. Makundi mengi hubeba nusu ya kiasi hicho, wakaishia kununua kambini kwa bei ya kambini. Barafu ya kwenye kasha haivuki usiku wa kwanza, hivyo nyama ya kutoka mjini ipikwe siku ya kwanza. Siku ya pili mbuzi wa kijijini ni bora na pesa inabaki Engare Sero. Mboga, nyanya na zile ndizi nyekundu nunueni Mto wa Mbu mkipita.

Maporomoko ni matembezi ya kama dakika 45 hadi saa moja kwenda, ndani ya korongo, mkivuka mto mara kadhaa. Maji hufika magotini, sehemu nyingine mapajani, na mawe yanateleza. Yeboyebo au katambuga zinafaa hapa kuliko raba. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Anza na walio dhaifu mbele, si nyuma, ili mwendo uwe wao. Mawingu yakiwa yamefunga juu ya ukuta wa bonde, msiingie hata kama mlipo kuna jua, kwa sababu mafuriko ya korongo hutoka juu bila taarifa.

Zipo pia nyayo za binadamu wa kale, kusini mwa ziwa, zaidi ya 400 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Nendeni asubuhi au jioni, jua linapolala; kivuli ndicho kinachoonyesha kisigino na vidole. Saa 6 mchana mtaona mashimo tu.

Kupanda Ol Doinyo Lengai kusichomekwe kwenye kifurushi cha usiku 1. Mlima huu wa mita 2,962, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu, nyeusi ikitoka na nyeupe ikishashika unyevu. Mpando huanza karibu na usiku wa manane, saa 5 hadi 6 kwenda juu kwenye mteremko wa majivu na mawe yanayobomoka, na kushuka kunaumiza magoti zaidi. Kila mtu awe na tochi ya kichwani, glavu, lita 3 za maji na kofia ngumu kama mwongozaji anazo. Ukirudi kambini saa 4 asubuhi, hufai tena kukaa garini saa sita. Mlima ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na mwongozaji akisema leo hatupandi, hakuna kurudishiana maneno. Hakikisheni mapema kama pesa inarudi.

Kwa wasomaji wa Nairobi, Ziwa Magadi linafikika kwa lami kupitia Kiserian na Olorgesailie, na kwa safari ya siku moja hilo ni chaguo bora kuliko kujilazimisha hadi Natron kupitia Namanga. Kuna kiwanda cha magadi na reli, kwa hiyo msitegemee upweke uleule.

Siku ya kurudi, ondokeni Engare Sero kabla ya saa 5 na mwombe kituo Engaruka. Magofu yale ya vijiji vya mawe na mifereji ya umwagiliaji, ya karne ya 15 hadi ya 18, yapo karibu na njia yenu, na saa moja na nusu pamoja na mwongozaji wa kijijini inatosha. Kampuni nyingi hupapita kwa kuwa hapamo kwenye tangazo. Mkiliweka jambo hilo kwenye makubaliano siku ya kulipa amana, dereva atapanga mafuta na muda. Mkilidai njiani, atawaambia giza linaingia, na atakuwa anasema kweli.